Mlo wa Jioni Bila Kileo: Wananchi Wapewe Mahali pa Kukaa

KILA mwaka ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba huvuka bahari kwenda Dar es Salaam. Wapo wanaokwenda kutibiwa, wapo wanaokwenda kusoma, wapo wafanyabiashara, na wapo wanaokwenda kuwajulia hali jamaa zao waliohamia Magomeni, Mwananyamala, Tandika na Mbagala. Mwezi wa Julai wengine hupeleka bidhaa zao kwenye maonyesho ya Sabasaba, katika viwanja vilivyoko Barabara ya Kilwa, wilayani Temeke. Wote hao, jua likishatua na shughuli zikishamalizika, hukutana na swali ambalo laonekana dogo lakini si dogo hata kidogo: jioni hii tukale wapi, na tukishakula tukae wapi?

Siku hizi swali hilo limevaa sura nyingine, tena wakati mwingine huulizwa kwa kejeli. Husemwa kwamba kwenda kula nje ya nyumba, mahali pasipouzwa kileo, hakuna raha tena. Husemwa kwamba ni sawa na kumeza dawa: mtu anakula, ananawa, anaondoka. Anayetaka kula na kustarehe, eti, hana budi kwenda baa.

Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Hata hivyo hatuwezi kuipuuza, kwa kuwa ndani yake mna punje ya ukweli, na punje hiyo ndiyo inayopasa kutazamwa na viongozi wetu wa pande zote mbili za Muungano. Tunasema kwamba raha ya kula pamoja haijapungua kwa kukosekana kileo. Kilichopungua ni mahali pa kukaa. Mambo hayo mawili yamechanganywa kwa muda mrefu, na kwa sababu ya kuchanganywa hakuna aliyejisumbua kutafuta dawa.

Kwanza tuseme lililo wazi. Katika Wilaya za Kinondoni na Temeke hapana upungufu wa chakula kizuri. Alfajiri, kabla daladala hazijajaa, hoteli za Tandika na Magomeni zimekwisha kuwasha majiko: supu ya ng'ombe na ya mbuzi, chapati, maandazi, vitumbua, na chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi na iliki. Adhuhuri huja wali wa nazi, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga na pilau, na siku ya Ijumaa biriani. Magharibi ikishaingia, kando ya barabara za Mbagala Rangi Tatu na Mwananyamala hujitokeza meza za mishkaki, kuku, ndizi za kuchoma na chipsi mayai, na pembeni yake sufuria ya supu ya pweza iliyozungukwa na vijana wenye vikombe mikononi. Kule Coco Beach mihogo ya kukaanga hutiwa pilipili na ndimu mbele ya mnunuzi. Kuna madafu, kuna juisi ya miwa, kuna ukwaju. Katika orodha yote hiyo hakuna hata chakula kimoja kinachohitaji chupa ya bia ili kiwe kitamu.

Tena si jambo geni. Waswahili walipolichukua neno hoteli hawakulitumia kwa maana ya nyumba ya kulala wageni tu. Walilitumia kwa maana ya mahali pa kula, penye meza, benchi, birika la chai na sufuria ya wali. Hoteli za namna hiyo, nyingi zikiwa za Waislamu wa pwani, wa Kiarabu na wa Kihindi, ndizo zilizowalisha makuli wa bandarini, makarani na wasafiri wa Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, na aghalabu hazikuuza kileo. Na ndugu zetu wa Visiwani wanajua kwamba mmoja wa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki, Ndugu Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, alianza katika miaka ya 1970 kwa mkahawa mdogo jijini Dar es Salaam. Kutokana na mwanzo huo imekua biashara ya unga, vinywaji baridi, maji na vyombo vya baharini, na kileo hakimo. Kwa hiyo anayedai kwamba biashara ya chakula haiwezi kusimama bila pombe anabishana na ushahidi ulio mbele ya macho yake.

Basi kasoro iko wapi? Kasoro inaonekana mtu akitazama saa, kisha akatazama kiti.

Hoteli ya kawaida ya Tandika au Magomeni hupika mapema. Mteja akiingia chakula kiko tayari. Sahani humfikia katika muda wa dakika chache. Benchi ni jembamba na meza ni ndogo. Mteja akimaliza, nyuma yake yupo mwingine aliyesimama akingoja nafasi. Alasiri ikipita masufuria hukwanguliwa, na ikifika magharibi hoteli nyingi zimekwisha kuoshwa na viti vimepandishwa juu ya meza. Hapo ndipo zamu ya meza za barabarani inapoanza. Hizo zina chakula kizuri, lakini viti hazina, au vipo viwili vya plastiki chini ya taa moja, huku bodaboda zikipita karibu na sahani.

Mzee aliyefika kutoka Pemba na mkewe na watoto watatu, akitaka kuwapa jamaa zake jioni moja ya furaha, anabaki na njia tatu. Ale akiwa amesimama. Au afungiwe chakula kwenye mfuko akale chumbani kwa wenyeji wake. Au aingie baa. Baa ina viti. Ina kivuli, ina taa, ina choo, ina televisheni ya kutazamia mpira, na ina mhudumu anayekuja kuuliza wageni wanataka nini. Nyama ya kuchoma huchukua muda kuiva, na katika muda huo watu huzungumza. Wala si kila aliyekaa pale anakunywa. Wapo wengi wenye soda mbele yao, waliokwenda kwa ajili ya nyama, maongezi na mpira.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini, maana ndilo kiini cha hoja yetu. Baa haiuzi bia peke yake. Baa huuza kiti. Huuza saa tatu za kukaa na wenzako bila kufukuzwa. Anayekilipia kiti hicho ni kileo, kwa kuwa chupa moja huita ya pili na ya pili huita ya tatu, na kila chupa humwachia mwenye baa faida ya kulipia pango, taa na mshahara wa mhudumu. Mwenye hoteli hana kitu cha namna hiyo. Chai haimwongezei mtu kiu ya chai. Aliyekwisha kula sahani ya pilau hawezi kuagiza ya pili, wala ya tatu. Mteja akikaa saa mbili na glasi moja ya ukwaju, mwenye hoteli anahesabu hasara. Kumbe anapokuja kufuta meza kabla hujamaliza kunawa, si kwamba hana adabu. Hesabu ndiyo inayomsukuma.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mlo usio na kileo hauna raha wameona kweli dalili ya ugonjwa, lakini wamekosea jina la ugonjwa wenyewe. Wamekaa kwa raha mahali penye pombe, wamekula kwa haraka mahali pasipo pombe, wakaamua kwamba raha imo ndani ya chupa. Lau hoteli ya pilau ingekuwa na uwanja, upepo, taa na ruhusa ya kukaa, wangeona tofauti.

Matokeo ya hali hii si madogo. Mwanamke mwenye heshima zake akiingia baa na watoto, hata kama anataka kuku na soda tu, hutazamwa. Mtoto wa miaka minane anayechukuliwa huko kila mwisho wa wiki hujifunza mambo kabla ya wakati wake. Na kijana wa miaka ishirini wa Keko au Mwananyamala, ambaye nyumbani kwao wanalala watu watano chumba kimoja, akitaka kukaa na wenzake jioni huambiwa na mji mzima kwamba bei ya kiti ni chupa. Hatusemi kwamba kila mlevi alianza hivyo. Tunasema tu kwamba mji usiompa kijana kiti kingine umemsogeza karibu na njia hiyo kwa mkono wake wenyewe.

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka inaweza. Tarehe 1 Machi, 2017 pombe za kwenye vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, zilipigwa marufuku nchini. Ilikuwa hatua ya busara, kwa kuwa pombe ile kali ilikuwa imewafikia hata wanafunzi. Lakini kumwondolea kijana kiroba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwonyesha mahali pa kwenda.

Tukumbuke pia historia ya jiji lenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, lilikuwa na kumbi za starehe huko Kariakoo, Magomeni, Keko na Mlimani. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipata jina lake katika ukumbi wa namna hiyo, na muziki wake ni hazina ya Taifa. Hatuna nia ya kuwalaumu waliojenga kumbi zile. Walitambua jambo la kweli, kwamba mfanyakazi anastahili mahali pa kupumzika, na kwamba chombo cha umma kina wajibu wa kumpatia mahali hapo. Ila mapumziko yaliyojengwa yalikuwa ya bia na dansi. Mwananchi aliyetaka kupumzika na familia yake kwa wali, samaki na maongezi hakujengewa kitu. Wazo la kwamba kiti cha mapumziko chaweza kuwa mali ya umma lilikuwa sahihi. Lilitekelezwa upande mmoja tu.

Ndugu zetu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa somo hili, kwa kuwa wao ndio walimu wake. Baraza la nyumba ya Kiswahili ni nini, kama si kiti kisicholipiwa pango? Mwenye nyumba hujenga baraza lake la mawe mbele ya mlango. Jirani hukaa, mpita njia hukaa, muuza kahawa husimamisha dele lake, na kwa kikombe kimoja cha kahawa na kipande cha kashata watu huzungumza siasa, mpira na mirathi mpaka muadhini aadhini Isha. Pale Jaws Corner, katika Mji Mkongwe, maongezi hayo yamekuwa sehemu ya maisha ya siasa za Zanzibar. Muuza kahawa hana sababu ya kumfukuza mtu, maana benchi si lake na halimgharimu kitu. Kikombe kinabaki na bei ndogo, na mtu anabaki na heshima yake.

Mfano mkubwa zaidi ni Forodhani. Bustani ile iliyoanzishwa katika miaka ya 1930 mbele ya bahari ilikarabatiwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Ikifika magharibi wauzaji hupanga meza zao: mishkaki, pweza, ngisi, urojo, mkate wa kumimina, mikate ya mayai ambayo wageni huiita piza ya Zanzibar, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Pale kileo hakiuzwi. Je, watu hawaji? Wanakuja mpaka nafasi inakosekana. Wanakuja wazee na wajukuu, wanakuja wanawake watupu kwa makundi bila kuogopa kutazamwa, wanakuja wageni wa Ulaya ambao hotelini kwao kileo kipo, lakini wameona bora watoke wakale gizani kando ya bahari pamoja na wenyeji. Vijana hurukia majini na watu hucheka. Mtu akimaliza kula anakaa ukutani saa nzima asiulizwe na mtu.

Siri ya Forodhani ni nini? Chakula chake ni kizuri, lakini mihogo ya Coco Beach na mishkaki ya Mbagala haishindwi. Siri yake ni kwamba ukuta, nyasi, taa na upepo ni mali ya umma. Muuzaji halipii kiti cha mteja, kwa hiyo hana haja ya kumharakisha, wala hana haja ya kumuuzia kileo ili alipie pango. Kiti kimewekwa na jamii nzima.

Wenzetu wa Mombasa nao wamefanya hivyo. Barabara ya Mama Ngina, kando ya mlango wa bahari, kwa miaka mingi imekuwa mahali pa familia kula mihogo, viazi vya karai na madafu jioni. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilipatengeneza kuwa bustani ya umma. Hapo pia mtu hapimwi kwa chupa aliyoagiza.

Sasa tujibu hoja tatu ambazo huenda zikaletwa dhidi yetu.

Ya kwanza ni ya utalii. Watasema kwamba mwanzoni mwa mwaka 2024, vileo vilipoadimika Zanzibar kutokana na suala la leseni za waagizaji, bei ilipanda na wenye hoteli wakalalamika kwamba wageni watakimbia. Hilo lilitokea, nasi hatulifichi. Uchumi wa Visiwa unategemea utalii kwa kiasi kikubwa. Lakini hoja yetu haigusi hoteli za watalii za Nungwi wala Paje. Mambo ya huko yana sheria yake. Sisi tunazungumzia mwananchi wa kawaida na jioni yake. Tena hao wageni wenyewe ni mashahidi wetu, maana mgeni aliyekunywa hotelini kwake ndiye yule yule tunayemwona Forodhani na mshikaki mkononi. Chakula cha wenyeji, kikiwa na mahali pazuri, humvuta hata anayekunywa.

Ya pili ni ya dini. Huenda mtu akasema kwamba tunataka kuleta mambo ya msikitini katika halmashauri. La hasha. Msimamo wa nchi yetu tangu mwanzo ni kwamba Serikali haina dini, ila wananchi wake wanazo. Kweli, Uislamu umekiharimisha kileo, na kwa Mwislamu hilo halina mjadala. Lakini Wasabato hawanywi, Walokole hawanywi, wagonjwa wa kisukari na wa ini wamekatazwa na daktari, dereva wa lori anayeondoka usiku hatakiwi kunywa, na mama anayenyonyesha naye afadhali asinywe. Mwananchi asiyetaka kileo si mfuasi wa dini moja, wala si mtu wa ajabu. Ni raia anayelipa kodi kama mwingine, na ana haki ya kupata jioni yake.

Ya tatu ni ya ajira na mapato. Baa huajiri wahudumu na wachoma nyama, na ada za leseni za vileo huingia katika mifuko ya halmashauri. Hatudai baa zifungwe. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilikwisha kuweka utaratibu wa leseni na saa za kufungua na kufunga, na Kanuni za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo zimekwisha kuwekwa. Tunachotaka ni zifuatwe, ili grosari iliyoanza kwa meza mbili isigeuke ukumbi wa muziki mbele ya dirisha la mtoto anayesoma. Zaidi ya hapo, afisa wa mapato asidhani kwamba mama lishe hana faida kwake. Mama lishe hununua mchele, nazi, mafuta, nyanya na samaki kila siku, huajiri wasichana wawili au watatu, na kipato chake hulipa ada na sare za shule. Fedha yake huzunguka mtaani pale pale.

Baada ya kuyasema hayo, ni haki tuwageukie wenye hoteli na mikahawa. Si kila kasoro ni ya Serikali. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hawauzi kileo wamekwisha kutimiza wajibu wao kwa mteja. Meza ina nzi, maji ya kunawa yamebadilika rangi, choo hakina mlango, na mhudumu hujibu kwa kununa kana kwamba mteja amekuja kuomba. Kuuza chakula halali hakumwondolei mtu wajibu wa usafi na ukarimu; humwongezea. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, na kufika Zanzibar baadaye mwaka huo huo, ulitufundisha gharama ya uchafu, na wauza vyakula walikuwa miongoni mwa waliosimamishwa biashara zao. Kadhalika wenye hoteli wajaribu saa za jioni. Badala ya kukwangua masufuria alasiri, wapike kidogo mchana na kingine magharibi. Waweke sinia la watu wanne au watano, kama tulivyozoea kula majumbani, ili mlo wenyewe uwalazimishe watu kukaa na kuzungumza. Baada ya mlo walete kahawa, tende na halua. Hivyo ndivyo jioni inavyorefushwa bila chupa.

Lakini mzigo mkubwa uko juu ya mabega ya wenye mamlaka. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni ina watu 982,328. Hao ni zaidi ya watu milioni mbili na laki tatu katika wilaya mbili tu, hesabu inayopita watu wote wa Zanzibar, ambao kwa sensa hiyo hiyo walikuwa 1,889,773. Kwa umma wote huo, je, tumewawekea Forodhani ngapi? Coco Beach ipo, nayo imeelemewa. Viwanja vya Mwembe Yanga, vya Zakhem kule Mbagala na vya Biafra kule Kinondoni tunavijua sote, kwa kuwa Chama na vyama vingine vimehutubia umma hapo. Wananchi wanaoitwa viwanjani kusikiliza hotuba wanastahili pia kuitwa viwanjani kula na kupumzika.

Kwa hiyo tunazishauri Halmashauri za Manispaa za Kinondoni na Temeke mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kata yenye uwanja wa wazi itenge sehemu yake iwe uwanja wa chakula wa jioni, usiouza kileo. Si lazima yajengwe majengo ya fahari. Zinatakiwa taa, bomba la maji, vyoo vinavyofungwa, mapipa ya taka na mabenchi ya saruji yasiyoibika. Wapewe nafasi mama lishe na vijana wa meza za barabarani, kwa ada ndogo, na wasimamiwe na wao wenyewe kwa ushirika. Zoezi la kuwahamisha wamachinga Dar es Salaam mwaka 2021 lilitufundisha kwamba mfanyabiashara mdogo akihamishiwa mahali pasipo na wateja atarudi barabarani. Basi apewe mahali ambako watu wanapita na wanapenda kukaa.

Pili, maafisa afya na maafisa biashara wawe walimu kabla ya kuwa mahakimu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umekabidhiwa Shirika la Viwango, TBS, na halmashauri zina wataalamu wake. Muuzaji aelezwe kwa lugha rahisi anachotakiwa kufanya, apewe muda, kisha akaguliwe. Kumwaga sufuria la mama mjane mbele ya wateja wake si afya ya jamii.

Tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, isaidie vikundi vya wauza chakula kununua meza, viti, majokofu na majiko ya gesi. Mwaka 2024 Taifa lilizindua Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia, na mama lishe wametajwa sana katika jambo hilo. Ni vema. Lakini jiko jipya bila mahali pa kupikia ni mzigo wa kubeba kichwani.

Nne, wataalamu wa mipango miji wavilinde viwanja vya wazi kama mboni ya jicho. Kiwanja kikishauzwa hakirudi. Mwezi Agosti 2025 Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke, ulifungua mashindano ya CHAN mbele ya Afrika nzima, na Tanzania ilikwisha kupewa, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashabiki watakaokuja kutoka Misri, Moroko, Senegali, na kutoka Visiwani kwetu, watakuwa na njaa baada ya mpira. Wengi wao hawanywi. Tutawapeleka wapi?

Kwa viongozi wa Zanzibar nako tuna neno. Forodhani isiwe kisingizio cha kulala. Mitaa mipya inayokua nje ya mji wa Unguja, na miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, nayo inahitaji viwanja vya namna hiyo. Nyumba za kisasa tunazojenga siku hizi zina uzio na geti, baraza hazina. Tukiacha baraza life majumbani bila kulijenga upya hadharani, watoto wetu nao kesho watauliza kama kuna raha ya kula mahali pasipo chupa, na hatutakuwa na jibu la kuwaonyesha kwa kidole.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika uchumi wa jioni msemo huo una maana ya wazi: anapokaribishwa mtu na familia yake kukaa na kula kwa utulivu, anayepona ni mwenyeji, yaani muuza mihogo, muuza madafu, mvuvi wa pweza na mkulima wa mpunga. Pilau ipo, pweza yupo, watu wapo na maongezi hayakosi kamwe. Kinachokosekana ni benchi, taa na bomba la maji. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Yanahitaji madiwani waketi, wapige kura, watenge fungu katika bajeti ijayo, na kazi ianze.